Nafasi Kati ya Dada na Mama

Mpendwa mshauri,

Naomba unisikilize wewe, maana nyumbani nimeshindwa pa kuanzia. Mimi ni msichana, nimemaliza shule mwaka huu, na tangu utotoni kelele za watu wengi zinanimaliza, yaani muziki ukipanda na kila mtu akapaza sauti kuushinda, kifua kinanibana, masikio yanajaa, nasahau hata kuitikia salamu, kwa hiyo kwenye kila sherehe nakimbilia nyuma kuosha vyombo, kwa sababu anayeosha vyombo haulizwi kitu, na watu wakaanza kunisifu. "Wenzake wanacheza, yeye na masufuria! Atakayemwoa huyu kapata," anasema mama mdogo, ambaye kazi yake ni kupika kwenye sherehe, na mjomba anadakia, "Huyu ukimwonyesha keki anakimbilia sabuni," wanacheka, nami nacheka nao huku nimekufa ndani.

Mwezi uliopita dada yangu wa pekee aliolewa. Nilijikaza ukumbini mpaka spika zikafunguliwa zote, nikaponyoka. Wakati wa picha ya familia nilisikia naitwa kwenye kipaza sauti, nikaitwa tena, kisha nikasikia sauti ya dada mwenyewe, "Mdogo wangu yuko wapi? Njoo basi," na mimi nikazamisha mikono kwenye povu hadi viwikoni, nikaendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata. Picha ile sasa imetundikwa sebuleni, juu ya televisheni, na kati ya dada na mama pana nafasi ya mtu mmoja, hawakuiziba, walikuwa wananisubiri.

Dada alipokuja kututembelea aliniuliza tukiwa wawili tu sebuleni, "Ulinionea haya mimi, au mume wangu?" Nikanyamaza. Tangu hapo akipiga simu anaongea na mama tu.

Na juu ya hayo mama mdogo amenipa kazi, kuanzia Jumamosi nitakuwa nagawa chakula mezani kwenye sherehe zake, kila wiki, kwa sababu eti napenda shughuli. Mama kafurahi hadi kaninunulia viatu. "Kazi imekufuata mlangoni, unataka nini tena?" Kila nikiviona nalia. Naona nimeumbwa vibaya, na hakuna mahali patakaponifaa. Nifanye nini?

Msugua Sufuria

*

Mwanangu Msugua Sufuria,

Pole, na nasema pole ya kweli. Hukuumbwa vibaya. Hata watu wenye wajukuu huniandikia kwamba kelele za ukumbini huwabana kifua vilevile.

Sasa nikugombeze. Kelele hukuzichagua, lakini kumnyamazia dada yako ulikuchagua mwenyewe. Alikuuliza sebuleni, hapakuwa na spika wala umati, ukamwacha aondoke akiamini unamwonea haya. Huo ni ukatili, hata ukifanywa na mtu mpole kama wewe.

Na usiniambie huna maneno. Umeniandikia mimi nisiyekujua, nami nimekuelewa. Mpigie dada leo, mweleze habari ya povu na sufuria lililokwisha takata. Akikujibu kwa ukali usikate simu. Ana haki ya kuumia, na siwezi kukuahidi kwamba uchungu utamtoka haraka.

Kisha mwendee mama mdogo kabla ya Jumamosi. Mwambie mezani hutaweza, jikoni utaweza: kumenya, kuosha, kupakua. Akicheka, mwache acheke. Akikataa, viatu bado vipya, virudisheni dukani. Mama naye aambiwe ukweli na wewe, asiusikie kwa mjomba. Siku nyingine familia ikiwa na sherehe, mwombe mama akushike mkono uingie kwa lile jambo moja linalokuhitaji, halafu utoke ukapumue, na yeye ajue uko wapi.

Ile picha usiombe ishushwe. Haitapigwa tena. Iache hapo ikutazame, na siku nyingine ukiitwa, kausha mikono uende.