Sahani Zilizorudi Tupu

Kabondo, Kisangani,
tarehe 16 Machi 2025

Mpendwa kaka yangu, yaya Noël,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Asubuhi hii ukungu wa mto umepanda mpaka barabarani, na watu wanapita ndani yake kama wanaoota. Hamjambo huko Kalemie? Shemeji Augustine anaendeleaje? Na Merdi, kikohozi kimemwacha? Sisi tuko wazima, Papa pia. Ningekupigia simu, lakini neno hili linataka barua.

Tangu tumzike Mama mwezi wa nane, Papa alikuwa anashinda barazani, macho mbali, paka wa Mama mapajani. Ni yule Malembe, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake wa polepole. Nilimpelekea Papa fufu, samaki na mchuzi wenye vitunguu tele, kama Mama alivyopika. Kila mara sahani ilirudi tupu, safi kama iliyooshwa. Nilifurahi, yaya. Suruali ilikuwa inamtoka kiunoni, nami nikasema ni uzee.

Mwezi uliopita Malembe akashindwa kusimama. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama chokaa, mkojo mweusi. Papa akamweka katika kikapu, tukapanda pikipiki mpaka kwa docteur Kasongo, muganga wa nyama, yaani daktari wa mifugo.

Docteur alimfungua mdomo, akauliza, "Papa, huyu anakulaka nini?"

"Chakula yangu."

"Kidogo?"

Papa akatazama chini. "Yote. Kila siku. Mimi, tangu mama ya batoto aende, chakula haipite ku shingo."

Yaya, fikiria. Miezi yote ile nilikuwa nalisha paka!

Docteur hakumgombeza. Alieleza taratibu kwamba kitunguu kinaharibu damu ya paka, hata kikipikwa, hata kikiwa kidogo tu ndani ya mchuzi. Chumvi nyingi nayo ni mbaya, na mwiba unaweza kumkaba. Tumpe samaki au kuku wa kuchemsha hivihivi, tumtolee miiba na mifupa yote, kidogo kidogo, na maji safi, maziwa hapana. Kinachobaki tukitoe kabla hakijaharibika. Kisha akashusha sauti:

"Na wewe, papa, nani anakuchambulia miiba?"

Papa akalia. Hata makaburini hakulia, unajua.

Malembe alilazwa siku nne akiwekewa maji ya mshipani. Papa alikwenda kumwona kila siku. Waliporudi, aliniambia nimwachie mbabula, jiko letu, akawasha makaa mwenyewe.

Hivi ndivyo kunavyokwenda hapa sasa. Papa anachemsha samaki, kisha anakaa katikati ya mvuke akipapasa miiba kwa ncha za vidole, macho nusu yamefumba, kama anayesikiliza mtu. Fungu moja linakwenda kwenye bakuli la Malembe. Lingine analirudisha sufuriani na vitunguu vyake, analila, yeye mwenyewe. Mimi ninasimama nyuma ya pazia, sitingishiki, nisije nikamwamsha ndotoni.

Nisamehe, yaya, kwa zile mara zote nilizokwambia Papa anakula vizuri. Sikujua.

Jana aliita kutoka barazani, sauti ya zamani kabisa: "Chimène! Pilipili iko wapi?"

Nilikimbia, yaya, nikamwaga kikapu chote nikiitafuta.

Msalimie sana shemeji Augustine, na Merdi umbusu mashavu yote mawili. Tonton Rachidi, mjomba wetu, naye anakusalimu. Mungu abariki meza yenu na wote wanaoketi hapo.

Mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Chimène