Kwa Baba, Mweka Hazina wa Chama cha Kuzikana

Mwaka umetimia, Baba, tangu ile Alhamisi ya tarehe 14 Machi 1996 ulipotutoka hapa nyumbani Katumba kwa homa ya siku tatu. Siku ya kwanza ulisema ni uchovu. Ya pili ukasema ni mvua uliyonyeshewa. Ya tatu hukusema kitu. Hatukukuaga sawasawa, maana tulidhani utaamka.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka benki, Mpanda mjini, unasukuma baiskeli na hupandi. Watu walikucheka: mtu ana baiskeli nzima, breki nzima, anatembea kwa miguu! Ukawajibu kwamba ukianguka na fedha zako umeanguka peke yako, ila ukianguka na za watu umeangusha kijiji. Siku hizo hata urwarwa, pombe yetu ya ndizi, hukuonja mpaka fedha zifike zinakokwenda. Mama alikuwekea kibuyu chako pembeni na kukutania kwamba ameolewa na wanaume wawili, mmoja wa siku za benki na mwingine wa siku zilizobaki.

Palipotokea msiba ulitangulia wewe, daftari kwapani. Mbao za jeneza, sanda, unga, maharage, sukari ya chai ya waliolala matangani, vyote ulivitoa bila kumfanya mfiwa aombe. Ulisema mfiwa akishaanza kuomba, basi chama hakina kazi. Ukishalipa ulifunga daftari, ukachukua jembe na kwenda kuchimba kaburi na wenzako.

Majina yako yalikuwa mengi kwa kazi hiyo moja. Chama kilikuita Mweka Hazina. Kanisani ulikuwa Mtunza Fedha. Vijana wa sokoni walikuita Keshia, ukanuna, kwa kuwa keshia anakaa dirishani na wewe ulikuwa unatembea. Jirani yetu Makoye, mfuga ng'ombe, alikuita Mhasibu, ukamkatalia katakata. "Mhasibu amesomea, ndugu yangu. Mimi ninashika tu." Wazee wetu walikuita kwa Kirundi, umubitsi, yaani mwenye kuwawekea wengine, na hilo ndilo ulilolipenda. Ulikuwa ukiitika kabla hawajamaliza kulitamka.

Laiti chama kingekuwa na usajili. Hakikuwa nao, na benki ikakataa kufungua akaunti kwa jina la chama, kwa hiyo mkutano mzima ukakubali ifunguliwe kwa jina lako, Libérat. Nani mwingine angeaminiwa? Siku hiyo mwenyekiti, Mzee Gelasius, aliuliza, "Na Mweka Hazina mwenyewe akifa je?" Watu wakacheka, kwa kuwa hata kikohozi hatukuwahi kukusikia nacho. Ukasema, "Mtanizika kwanza, mengine baadaye." Wakacheka tena, wakaenda kwenye ajenda nyingine.

Ulipokufa, zilikuwamo shilingi laki nne na elfu kumi na mbili, na hakuna aliyeweza kutoa hata senti. Uliyewazika wenzako thelathini na mmoja ulizikwa kwa mbao za kukopa. Fundi Arcade alizitoa kwenye mlango aliokuwa akimtengenezea mtu. Nisiseme uongo, Baba, siku ile nilikukasirikia. Nilisimama pembeni ya jeneza lako nikikulaumu moyoni, kisha nikalia kwa aibu ya kukulaumu.

Mama aliomba kibali cha kutoka makazini, kama sisi wakimbizi tunavyotakiwa, akaenda Mpanda na Mzee Gelasius. Benki wakawaambia, "Mama, akaunti ni ya marehemu. Nyie leteni karatasi ya mirathi kutoka mahakamani." Wakaenda mahakamani. Karani akamuuliza Mama kama fedha zile ni mali ya marehemu. Mama akasema hapana, ni za chama. Karani akaweka kalamu chini. "Kama si zake, hapa hakuna mirathi. Rudini benki." Wakarudi benki, wakaambiwa yaleyale. Safari ya pili ikawa hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Safari ya nne yule karani alimhurumia, akainama na kumnong'oneza, "Mama, apa tu kwamba ni mali yake. Ukishazipata, ugawe unavyojua wewe."

Mama alirudi nyumbani, akatuita. Alisema hivi: "Mume wangu hakuwa na fedha. Nitamfanyaje tajiri akiwa kaburini?"

Tulimwelewa, na pia hatukumwelewa. Wanachama walikuja mmoja mmoja, kwa adabu. Mzee Gelasius alikuja mara tatu, na mara ya tatu alipiga magoti, mzee wa miaka yake, akasema, "Dada, sema tu ni zake. Nani atakudai uongo huo?" Mama akamwinua, akampa maji ya kunywa, akamsindikiza hadi njiani. Wengine walianza kunong'ona kwamba labda Mama anazingoja zipoe ale peke yake. Hayo nayo tuliyasikia, na hatukuwa na la kuwaonyesha.

Kisha mwezi uliopita akafa Bibi Marsela. Unamjua. Miaka saba hakukosa mchango hata mwezi mmoja, na asipokuwa na fedha alikuletea kuku umuuzie. Alizikwa amefungwa shuka lake la kulalia, mvua inanyesha, na watu wakarudi makwao bila hata chai. Mama alisimama pale kaburini mpaka wote walipoondoka. Mtoto wa marehemu alimpita bila salamu. Hakuwa na ubaya, alikuwa amefiwa tu.

Jioni ile Mama alituita na kutuambia kwamba amekubali. Jumatatu tarehe 17 atasimama mahakamani, atashika Biblia na kuapa kwamba fedha zile ni mali yako. Zikitoka, zitakwenda zote kwa chama, na Mzee Gelasius atakuwepo kuzipokea. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Anasema hajui atakutazamaje mtakapoonana. Sisi watoto tunamwambia kuwa utaelewa, lakini kwa kweli hatuna hakika, Baba. Ulikuwa mgumu kwa mambo hayo. Tumelizungusha jambo hili kila upande na hatukuona mlango mwingine. Wafu hawazikwi kwa maelezo.

Ndiyo maana tunakuandikia leo, kabla ya Jumatatu, gazetini, mahali ambapo kila mtu atasoma. Mama ameomba iandikwe hivi: fedha zile hazikuwa zako. Hata shilingi moja. Ulizishika miaka saba na ukafa ukiwa na deni la chumvi kwa mwenye duka, ambalo tumelilipa. Kama hakimu naye anasoma, na asome.

Wanaokukumbuka, na wanaoshuhudia hayo, ni mkeo Annonciata. Wanao Générose ninayeandika, Didace na Odeta. Dada yako Séverine. Jirani yako Makoye, aliyesema naye jina lake liwekwe. Na kaya zote za chama.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Jumatatu utuwie radhi.