Niliitika Jina Lisilo Langu

Jumamosi, Kayole. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, nguo za juzi bado mbichi kwenye kamba.

Sijisikii vizuri wala vibaya. Sijisikii. Nimepika chai nikaisahau mpaka ikafanya utando, nikainywa hivyo hivyo. Tangu tumzike mama, miezi miwili sasa, watu wananiuliza kama nimelia. Sijalia. Wanasema ni mshtuko, siku moja machozi yatakuja yenyewe. Nawaacha waamini hivyo, maana sababu naijua na haina heshima.

Nimeamua kuiandika hapa, ambapo wasomaji ni wachache na nusu yao huja kutafuta mapishi ya mukimo. Samahani, leo hakuna mukimo.

Nianze na majina. Sisi Wakikuyu hatuwachagulii watoto majina, tunawarithisha. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama. Mimi ni wa kwanza, Wairimu, jina la nyanya ambaye mama hakuelewana naye hata siku moja. Mdogo wangu ni Nyambura, jina la mama yake mama, aliyempenda kufa. Kwa hiyo tangu Nyambura akiwa mchanga, mama hakumwita Nyambura. Alimwita Mama. Mama, njoo ule. Mama amelala? Mimi nilikuwa Wairimu tu, na nikikosea nilikuwa "wewe Wairimu", kwa sauti ambayo nilipokuwa mkubwa ndipo nilipotambua kwamba ilimlenga nyanya.

Hilo lilikuwa jambo la ndani ya nyumba. Nje, kila mwanamke mwenye mtoto ni Mama fulani. Mimi mtaani ni Mama Tony, na kwa ufupi, Mama.

Miaka minne ya mwisho mama alikuwa wa kitandani. Kisukari kilimla mguu, kikamaliza macho. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamdunga sindano asubuhi na jioni. Nyambura anauza vitunguu sokoni Muthurwa na amepanga chumba kule Kware, kwa hiyo alikuja Jumapili, baada ya kanisa, na ndizi mbili tatu kwenye mfuko. Sikumlaumu kwa kutafuta riziki. Nilimlaumu kwa sababu mama alihesabu siku mpaka Jumapili, na mimi niliyekuwa pale siku zote saba sikuhesabiwa. Kila jioni nikimfunika blanketi, swali lilikuwa lile lile. Mama amekuja?

Nilikuwa na wivu. Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili kabla ya kuiacha. Nina miaka arobaini na nne na nilimwonea dada yangu wivu kwa sababu ya neno moja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana. Jumapili iliyotangulia Nyambura hakuja, mtoto wake alikuwa na homa. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu vya mboga mama aliponiita, nikaenda na mikono hivyo hivyo. Akaishika. Akaileta puani.

"Umekuja, Mama?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi, ni Wairimu. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo haukuwahi kunifungukia mimi. Nikasema, "Nimekuja."

Yule kijana wa kwenye Maandiko alifungwa ngozi za mbuzi mikononi ili baba yake kipofu amdhanie kaka yake. Walau yeye na mama yake walipanga. Mimi nilikuwa na vitunguu tu, na uchovu wa kuwa mimi.

Mama aliniambia nipige magoti. Alikuwa mlokole wa miaka mingi lakini mambo mengine ya kwao hakuyaacha, akatemea mate kidogo viganjani mwake na kunipaka kifuani kama wazee wanavyobariki. Kisha akaomba, kwa Kikuyu, kirefu. Alipokuwa anamalizia, Mama Nafula akaingia na chupa ya uji. Huyu ni jirani yetu, mtu wa Bungoma, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Mama aliposikia viatu vyake akahamia Kiswahili ili naye aelewe.

"Mama Nafula, wewe ni shahidi yangu. Hii nyumba ni ya Mama."

"Amina," akasema Mama Nafula, na kunitazama kwa furaha. Angejuaje? Kwake mwanamke mmoja tu wa nyumba hii aliitwa Mama, naye alikuwa amepiga magoti mbele yake.

Jumamosi alfajiri mama akafariki. Jumapili ya Nyambura haikufika.

Siku ya kikao cha urithi, baada ya mazishi, Mama Nafula alisimama sebuleni mbele ya mchungaji na majirani. "Bwana asifiwe. Mimi nilisikia na haya masikio yangu. Alisema nyumba ni ya Mama. Na Mama ni nani, kama si huyu Mama Tony mwenye amemwosha miaka nne?" Watu wakapiga makofi. Hakudanganya hata neno. Uongo ulikuwa wangu, na sikuhitaji kufungua mdomo.

Mtu mwingine mmoja tu sebuleni alijua mama alimwita nani Mama. Nyambura alinitazama mara moja, nami nikatazama sahani yangu ya wali. Nilingoja aseme. Hakusema. Nimefikiri sana juu ya kimya chake, na nadhani aliamua kwamba mwishoni mama alinipa mimi hata hilo jina.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miezi miwili na kila hatua napongezwa. Wiki mbili zilizopita mchungaji alihubiri juu ya hao hao ndugu wawili na baba yao kipofu, akasema urithi haupiganiwi, mtu atumike kwa uaminifu na Mungu atamwinua. Akanitaja mimi kama mfano. Nikasema amina na sauti yangu haikutetemeka. Hapo ndipo nilipoogopa kidogo.

Sasa leo.

Nyambura alikuja saa nne kutia sahihi barua ya chifu ya urithi wa nyumba, maana bila watoto wote kukubali hakuna kinachosonga. Viatu vimelowa. Akatia sahihi bila kuisoma.

"Ni halali yako, Wairi," akasema. "Mimi nilikuwa naleta ndizi. Wewe ndiye ulikuwa unatoa jasho."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru. Nikaenda kumimina chai, na nikiwa nimempa mgongo ndipo akauliza kama mama alimtaja wiki ile ya mwisho. Nikasema kila mtu alitajwa. Akasema hapana, anataka kujua kweli, kwa sababu tangu mazishi hawezi kuomba. Akifumba macho anaona ile Jumapili ambayo hakuja. Anaamini mama alikufa akiwa amemkasirikia.

"Nyumba kaa nayo. Mimi sina shida ya nyumba," akasema. "Lakini sina neno lake hata moja la kubeba."

Alisema bila kulia, na alifanana na mama kiasi kwamba niliweka birika chini. Nikamwambia. Vitunguu, mate, magoti, Mama Nafula na chupa yake. Nilisimulia kwa sauti kavu, kama mtu anayemweleza karani jambo la jirani.

Nilingoja kofi. Nilingoja aichukue ile barua aichane, na ningemwacha. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya vyumba vya nyuma. Halafu akasogeza kiti karibu na changu.

"Kwa hivyo hakuwa amenikasirikia."

"Hapana. Alikubariki."

"Sawa. Sasa niambie alisema nini."

Nikafungua mdomo.

Nakumbuka mate yalikuwa ya baridi. Nakumbuka goti langu la kushoto liliuma. Nakumbuka nilivyoogopa asije akagusa nywele zangu akajua ni mimi, maana Nyambura husuka na mimi hunyoa. Nakumbuka nikijiuliza kama atafika kwenye nyumba. Neno kwa neno, nakumbuka ile sentensi ya Kiswahili tu. Yale mengine yote, ile baraka yenyewe, sikuisikiliza.

"Jaribu," Nyambura akasema.

Nikajaribu. Nikasema alitaja watoto wake. Akainama mbele, macho yamemjaa, na nikaona kwamba naweza kuendelea. Naweza kumtungia baraka nzuri kuliko ya mama, naye ataibeba maisha yake yote. Nikanyamaza. Hata hilo la watoto sina hakika nalo, nikamwambia hivyo pia.

Mama Nafula hana la kumsaidia, alifika mwishoni na Kikuyu hakijui. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani.

Nyambura aliinuka akavaa koti. Hakunitukana. Mlangoni alisema, "Afadhali ungechukua nyumba uniachie hayo maneno," akaenda zake. Barua imebaki mezani na sahihi yake.

Nimesikia mahubiri ya hao ndugu tangu shule ya Jumapili na siku zote nilimfuata yule mjanja, jinsi Mungu alivyomvumilia na kumnyoosha. Yule aliyeibiwa sikumfuata. Lakini alipogundua hakulilia mashamba wala mifugo. Aliuliza kama hakuna baraka hata moja iliyobaki kwa ajili yake.

Jumatatu nitaenda kwa chifu kusema jina lililoandikwa si lenyewe. Kesho, baada ya ibada, nitamweleza Mama Nafula, na yeye atawaeleza wote, kwa hiyo sitahitaji kurudia. Hayo yanawezekana. Yana fomu na yana watu wa kuyasikia. Ile baraka, mwenye kuitoa tumemzika, na aliyeipokea hakuisikia.

Nimekaa hapa tangu saa sita nikitafuta namna ya kuomba msamaha na sijaipata. Nimepata ombi moja tu, na si langu.

Bwana, wewe ulikuwa mle chumbani na ulisikia kila neno. Mwambie.