Ibada Isiyopigiwa Makofi

Tarehe 4 Februari

Mke mwenzangu,

Hujambo? Unakula? Mimi sijambo, goti la kushoto tu ndilo linaloamka kabla yangu. Meza ya pasi iko palepale, mkaa unawaka, nguo za watu hazijaisha wala hazitaisha.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, polepole, bila kumpa jirani. Na simu usinipigie, kwenye simu unanikatiza. Unasema jazi. Kanisani! Hivi nilikulea na kukunyooshea sketi za shule kila asubuhi ili ukapulize tarumbeta la baa mbele ya madhabahu? Babu yako alikuwa anazima redio muziki huo ukianza, na babu yako hakuwa mtakatifu. Unasema watu wanakuja Jumapili jioni, wanakaa wanatafakari, nyinyi mnapiga. Wanatafakari nini? Mtu akitaka kufikiri si akae kwake?

Nitakuja nione kwa macho yangu. Usinipangie siku.

Bibi yako


Tarehe 15 Februari

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri. Mimi mzima, midomo tu imechubuka kwa mazoezi.

Bibi, si muziki wa baa. Tunachukua wimbo wa kanisa, mpiga kinanda anauanza, halafu kila mmoja wetu anauzungusha kwa namna yake, hakuna kilichoandikwa. Kati ya wimbo na wimbo mchungaji anasoma maneno machache, basi. Taa zinapunguzwa. Ni watu wa maofisini, wiki nzima wamechoka, wanakuja kutuliza roho.

Nakuomba usije kwanza. Mwezi huu kamati inachagua kiongozi wa bendi ya ibada hii, na mimi nimo kwenye hesabu yao. Ni kazi ya kudumu, bibi, ya kwanza maishani mwangu. Nikishaipata nitakuja kukuchukua mwenyewe, nikukalishe mbele.

Mjukuu wako


Tarehe 27 Februari

Mjukuu,

Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina hasira. Afya ninayo.

Nilikuja Jumapili. Ulidhani mimi ni mtu wa kuambiwa subiri? Nilivaa gauni la buluu, nikakaa nyuma karibu na nguzo. Ulipotokea na shati jeupe, kola imejikunja upande mmoja, nikasema aha, huyu hajajifunza kitu.

Nitasema kweli. Mwanzo sikuwaelewa. Mliuanza wimbo vizuri, halafu mkaupoteza, kila mmoja akawa anautafuta kivyake kama watu waliodondosha funguo gizani. Yule wa besi alifumba macho kabisa, nikajua amelala. Kisha ukasimama wewe peke yako. Ukapuliza chinichini, kama mtu anayelia hataki watoto wamsikie. Nikamkumbuka mama yako siku tulipomzika. Nikalia, mimi ambaye huwa silii.

Ukamaliza. Kimya. Hakuna makofi, hakuna amina, hata wa kukohoa hakuna. Watu wazima wameinamisha vichwa kama waliokemewa! Nikaona wamekudharau. Nikasimama, nikapiga vigelegele, nikawaambia, "Nyie mna nini? Mtoto anapuliza mpaka mishipa ya shingo imemtoka, mnamnunia? Hata asante hamkufundishwa kwenu?"

Wakaja wawili wenye beji. "Mama, umepotea?" Nikawaambia sijapotea, yule mwenye tarumbeta ni mjukuu wangu. Mmoja akakugeukia, akakuuliza, "Dada, unamfahamu huyu?"

Nilikuona. Ulinitazama vizuri, ukatikisa kichwa. Halafu ukaanza kulifuta tarumbeta lako kwa kitambaa.

Wakanitoa wamenishika mikono kama kichaa. Nilikaa na mlinzi getini, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba ibada hiyo haipigiwi makofi, wimbo ukiisha watu wananyamaza, ndiyo heshima yao. Sawa. Hapo nilikosea mimi. Wewe je?

Bibi yako


Tarehe 6 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijambo kwa kusema tu, chakula hakipiti.

Kamati nzima ilikuwa imekaa mbele. Swali lilinikuta bado nahema, kichwa kikatikisika chenyewe. Nilitaka kukufuata nje, lakini wimbo mmoja ulikuwa umebaki, na baada ya huo mwenyekiti akanishika mkono akaanza kunitambulisha kwa watu. Nilipofika getini ulikuwa umeshaondoka.

Nimeipata kazi, bibi. Niambie nifanye nini ili unisamehe. Chochote.

Mjukuu wako


Tarehe 12 Machi

Mjukuu,

Natumaini sasa chakula kinapita. Mimi nakula kama kawaida.

Kichwa hakitikisiki chenyewe. Nimefuga kuku miaka na miaka, hata kuku akigeuza kichwa ana sababu yake.

Sitaki zawadi. Sitaki uje hapa kunililia mbele ya wateja. Ulinikana mbele ya watu, basi nitambue mbele ya watu haohao. Simama palepale uliposimama, useme: yule mama mliyemtoa nje ni bibi yangu, ndiye aliyenilea. Hayo tu, usiongeze chumvi. Ukishasema nitakuja tena, nami nitanyamaza kama wao. Nimeshajua.

Bibi yako


Tarehe 2 Mei

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa natafuta ujasiri.

Nimefanya. Jumapili nilisimama palepale, nikawaambia wote kwamba nimelelewa na bibi yangu, dobi, na kwamba pumzi ninayopulizia ni yake. Kisha nikapiga wimbo niliokutungia. Unaitwa "Pasi ya Mkaa". Watu walilia, bibi! Mwenyekiti mwenyewe alitoa kitambaa.

Ila usijisumbue kuja huku, safari ni ndefu kwa goti lako. Nitakuja mimi mwezi ujao.

Mjukuu wako akupendaye


Tarehe 20 Mei

Mjukuu,

Hali yako siulizi. Nimekusikia ukiongea, sauti ni nzima.

Barua yako niliposoma nilifurahi mpaka nikaunguza shati la mteja. Nikatangaza mtaa mzima. Msusi wa jirani akasema kanisa lenu huweka ibada zao kwenye mtandao, akaitafuta kwenye simu yake. Tukakusanyika mezani pangu, wanawake wa mtaa wote, na mkaa nikauzima ili moshi usitusumbue.

Tukakusikia. "Wimbo huu nampigia marehemu bibi yangu."

Mchungaji akaniombea. Akamwomba Mungu aipumzishe roho yangu, na kanisa zima likaitikia amina. Kumbe amina wanaijua.

Msusi akataka kuzima, nikamwambia aache, namsikiliza mjukuu wangu. Muuza mboga akanishika mkono, akauachia upesi, kama mtu aliyetaka tu kuhakikisha kwamba una joto.

Siku ile ya kwanza uliogopa. Mtu akiogopa anaweza kufanya lolote, hata mimi ningefika mahali nikuache. Lakini hili la sasa hukuogopa. Ulikaa ukapanga. Ukaona yule wa vigelegele hafai kuwa bibi yako, afadhali aliyekufa, huyo ana adabu, hatakuja kusimama katikati ya wasomi akapayuka. Mwenyekiti akamlilia maiti ambaye alimtazama akitolewa nje. Na wewe ukamwangalia akijifuta machozi, ukaridhika, ukaja kuniandikia mimi kwamba umefanya.

Wimbo ni mzuri. Nausema ukweli hata leo. Niliusikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyepiga makofi hapa pia.

Mwezi ujao usije. Mtaa wote umekusikia, na sitasimama mlangoni kumweleza mtu umekuja kumsalimia nani. Kazi yako ishike vizuri, umeilipia.

Na siku nitakapokufa kweli, watakuletea wewe taarifa, hilo siwezi kulizuia. Njoo unizike kama utataka. Tarumbeta uliache huko huko. Umeshanipigia.

Bibi yako