Misumari Mia Mbili na Kumi

Doha, Jumatano baada ya kazi

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Najua umeshaitikia marahaba kabla Dada Doto hajamaliza kusoma mstari huu. Goti linasemaje? Nauliza la kushoto. La kulia tulishaliongelea kwenye simu. Na yule ng'ombe mweupe ameshazaa, au bado anatuzungusha? Mimi ni mzima. Nimepungua kilo nne tangu joto lianze, lakini humu ndani tumepungua wote, kwa hiyo usihesabu kuwa ni ugonjwa.

Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Ujumbe wa sauti huwa mnausikiliza nusu. Karatasi ataisoma Doto yote, na palipokupita utamwambia arudie. Doto, nakuona. Usiruke mahali Kulwa anapotajwa vibaya, maana ni pengi, na huko mbele na mimi nimejitaja.

Jumamosi ulinipigia ukasema, "Shija mwanangu, asante kwa yote, lakini usitume tena vitu vyako. Bora mchanga. Mchanga haupasuki." Halafu ukaniambia Kaka Kulwa anakuja Jumapili hii inayokuja na mabati, banda la kuanikia dagaa ligeuzwe stoo ya nyavu. Ulisema kwa upole. Ungenigombeza ningepata nafuu.

Basi nisikilize, Mama, kisha uamue. Banda ni lako.

Wewe huniuliza kila siku ninafanya kazi gani huku, nami hukujibu "ya ujenzi" nikijua hujaridhika. Kazi yenyewe ni kuezeka kwa plastiki. Majumba makubwa ya huku, kumbi ambazo mwalo wetu wote ungeingia na mitumbwi yake, hayaezekwi mabati wala vioo. Yanaezekwa plastiki angavu, nyembamba kama robo ya milimita. Wenye kiwanda wanaiita kwa herufi nne, mimi naiita plastiki tu. Mita moja ya mraba haifiki nusu kilo. Kioo cha ukubwa huo ni kilo kumi na tano. Kwa hiyo nguzo zinakuwa nyembamba, paa linakuwa jepesi, na jua linaingia karibu lote. Haichakai kwa jua kama nailoni ya bustani inayokatikakatika mwaka wa pili. Huku kuna paa lenye umri mara tatu ya miaka yangu ya kazi na bado linang'aa. Vumbi likikaa, mvua moja inalisafisha. Sisi tunaning'inia kwenye kamba tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano, tunapumzika jua kali likipita, tunarudi saa tisa. Nilipofika nilikuwa nabeba maji ya kunywa ya mafundi. Kupanda kamba nilijifunza mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Sasa, mwaka huu yalipobaki mabaki marefu, nilimwomba msimamizi wetu. Ni Mturuki, mtu wa maneno machache. Akasema chukua. Nikapata vipande sita, kila kimoja mita tano na nusu kwa mita moja na nusu. Nilipima: kilo ishirini na mbili kasoro. Mzigo wa ndege ni ishirini na tatu. Hamisi wa Mkuyuni, yule ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa anaenda likizo. Akaacha nguo zake ili abebe plastiki yangu. Alipanda ndege na shati moja la kubadilisha, Mama.

Mabati ya eneo hilohilo yangekuwa kama kilo mia na sitini, na chini yake giza. Dagaa hawakauki gizani. Hilo halihitaji shule.

Nilimtumia Kulwa maelezo, ujumbe wa sauti wa dakika saba. Ndani yake nilisema mara tatu: usipige msumari kwenye plastiki. Viringisha ukingo kwenye bomba la nusu inchi, mizunguko mitatu, kisha ulibane bomba katikati ya mbao mbili. Bolti zipite kwenye mbao, zisiguse plastiki. Dakika moja baadaye akanijibu: "Nimeelewa." Dakika moja, ujumbe wa dakika saba!

Juzi Doto alinitumia picha ya banda baada ya upepo. Nikaivuta picha nikaanza kuhesabu. Kila kipande misumari thelathini na mitano. Mara sita. Misumari mia mbili na kumi, na kila msumari umevalishwa kisoda cha chupa na kipande cha ndala, kazi safi kabisa, mistari imenyooka kama mabenchi ya kanisa. Hakuna fundi Buhongwa anayeweza kupiga misumari mizuri hivyo. Ndiyo maana iliniuma. Kazi mbovu ningeisamehe.

Nikampigia Kulwa. Doto, soma kama yalivyo.

"Kaka, shikamoo. Nilisema usipige misumari."

"Marahaba. Sasa paa bila msumari si pazia hilo?"

"Nilisema uviringishe."

"Ukiviringisha inapotea sentimita ishirini kila upande! Nimepima. Nimekuokolea plastiki yako."

"Umeniokolea ikapasuka."

"Sikiliza, dogo. Mimi naezeka mwaka wa kumi na nne. Wewe unaning'inia huko kama popo unafuta vioo, leo unifundishe paa? Watu wa mwaloni wanacheka, wanasema Mama Kulwa kajengewa nyumba ya kulimia nyanya. Nailoni ni nailoni, hata ikipanda ndege."

Akakata. Nami nilikuwa na jibu zuri sana, limebaki mdomoni mpaka leo.

Lakini Mama, tuhesabu na upande wa pili, maana naona hakuna aliyeuhesabu. Banda lilisimama siku kumi na tisa. Doto alikuwa anachora mkaa kwenye nguzo kila mnapoanika, picha ninayo: mistari kumi na minne. Katika hiyo kumi na minne, mvua ilinyesha mara tano dagaa wakiwa ndani, na mara zote tano walikauka. Mchangani hao wangeoza, wangeenda kwenye chakula cha kuku, na wewe ungekuwa umeinama mchana kutwa kuwageuza kwa lile goti. Hukuinama. Ulikuwa unageuza umesimama, kwenye chanja. Ndoo nane zilizopotea siku ya upepo nazikubali, ziandikwe. Ila msiziandike peke yake.

Nimeangalia pia ilivyopasuka. Haikupasuka katikati. Imepasuka tundu hadi tundu, msumari hadi msumari, kama kanga ukishaichana pindo. Vipande viwili vimekwisha kabisa. Vinne ni vizima katikati, vina matundu pembeni tu.

Sasa nafika mahali penyewe. Doto, hapa pia usiruke.

Wiki ya tatu tangu nianze kupanda kamba, upepo ulitukuta na kipande cha mita kumi na moja hakijafungwa upande mmoja. Kilikuwa kinapigapiga. Wenzangu walikuwa mbali. Nikatoa skrubu mfukoni nikaikaza hapohapo, kwenye plastiki, ili ishikilie kwa muda. Nilijiona nina akili. Kabla hatujashuka kilikuwa kimechanika kutoka kwenye skrubu hadi katikati. Watu wanane walishinda siku mbili wakikitoa na kuweka kingine.

Kwa nini niliikaza? Kwa sababu kwetu kitu kikipeperuka unakipigilia. Nilijifunza hilo nikiwa namshikia Kulwa ngazi. Mikono yangu ilifanya alichoifundisha yeye.

Mturuki hakunifokea. Alitoa vipande viwili vidogo vya plastiki, upana wa viganja viwili. Akanipa cha kwanza, akasema vuta. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kikarefuka kidogo, hakikuchanika. Cha pili akakitoboa kwa msumari, akanipa, akasema vuta. Kikaachana mikononi mwangu. Akarudi kwenye kamba yake, na tangu siku hiyo sijatoboa.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani. Kwenye ujumbe wa dakika saba nilisema usipige, usipige, usipige, kama bosi. Sikusema na mimi niliwahi kupiga. Fundi wa miaka kumi na minne atamsikilizaje mdogo wake anayemwambia tu "usi"? Hata mimi nisingemsikiliza. Ilinipasa niseme maneno ambayo kila mtu wa mwaloni anayajua tangu utoto: wavu hauvutwi kwa macho yake, unavutwa kwa kamba. Plastiki nayo ni hivyo. Ukiishika kwa tundu, tundu ndilo litakalokwenda. Ukiishika kwa ukingo wake wote, upepo hauna pa kuanzia. Sikuyasema. Hilo ni langu.

Lakini asifurahi sana. Misumari bado ni yake.

Hamisi, aliyeitwa kazini kabla likizo haijaisha, anasafiri tena kesho kuimalizia na atafika kwako kabla ya Jumapili, mpe uji, atakuwa na shati moja tena. Nimempa barua hii, vipande viwili vipya vya ukubwa uleule, vya kujaza pengo la vile vilivyokwisha, na utepe wa plastiki hiyohiyo wa kuzibia matundu madogo. Vile vinne vya zamani, mkikata pembeni penye misumari sentimita kumi kila upande, kisha mkaviringisha ishirini, kila kimoja kitabaki na upana wa sentimita tisini. Vipya vitabaki na mita moja na sentimita kumi. Jumlisha: mita sita kasoro sentimita ishirini. Banda lilikuwa mita tisa. Kwa hiyo misumari na upepo vimekula zaidi ya mita tatu, lakini mita sita zinakutosha wewe na Doto.

Kazi ifanywe siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imelala na mwalo hauna dagaa, msije mkaharakisha. Chini kabisa ya kuta mwache nafasi ya wazi, mweke wavu tu, unyevu utoke. Juu ya paa mpitishe nyuzi za kuvulia, mstari kwa mstari, ili kunguru na yangeyange wasitue. Harufu ya dagaa itawaleta na midomo yao ni misumari vilevile. Na vipande vilivyochanika msichome jikoni hata kidogo, moshi wake ni sumu. Doto avikusanye kwenye gunia.

Anayefunga awe Kulwa. Nasema hivyo nikijua nilichokisema juu. Mtu anayeweza kunyoosha misumari mia mbili na kumi bila mmoja kupinda, huyo ataweza kuviringisha bomba likakaa sawa kuliko sisi wote wa huku. Sitaki fundi mwingine.

Msalimie sana shangazi Milembe, mwambie ile dawa yake ya kifua nilimgawia Hamisi, amepona, anaulizia nyingine. Msalimie shemeji, mke wa Kulwa, ambaye najua ndiye aliyekusanya visoda vyote vile. Vizuri alivyovitafuta, vya rangi moja. Dada Doto asante kwa mkaa wa kwenye nguzo, bila huo ningekuwa nabishana kwa maneno matupu. Na Kaka Kulwa mwenyewe, shikamoo yake ipo pale pale, hajavunjiwa heshima.

Mwisho, Mama. Ndani ya bahasha hii kuna vipande viwili vidogo, upana wa viganja viwili. Kimoja kizima. Kimoja nimekitoboa kwa msumari, tundu moja tu. Jumapili Kulwa akifika na mabati yake, msimwambie kitu. Msimsomee hata barua. Mpe kizima kwanza, mwambie avute. Kisha mpe cha pili.

Baada ya hapo akikitazama na bado akataka kuezeka mabati, aezeke, nami sitataja plastiki tena nyumbani kwako, na mchanga nitauheshimu. Ila na wewe uvute, Mayu. Uvute cha kwanza kwa mikono yako yote miwili kama unavyokamua nguo. Halafu ndipo uniambie kipi kinapasuka.

Ni mimi mwanao niliyewafuata mapacha, Kulwa na Doto,
Shija