Wimbo Uliokatikia Otonglo

Mama,

Wimbo wako ulikatikia Otonglo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloamka nalo, na kwa sababu siku ile ulikuwa nyuma yetu ndani ya gari la mochari, hukuweza kuniuliza kulikoni. Sijui kama huko uliko mtu huambiwa mambo haya. Acha nikueleze mwenyewe, polepole, kama ninavyomweleza mteja.

Masikio yako yalianza kuchoka mwaka ule Baba aliponunua pikapu ya milango minne. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Ukaacha kusikia simu, ukaacha kusikia wajukuu wakikuita kutoka jikoni. Zile nzito zilibaki, ila hakuna aliyejua, hata wewe. Jumapili moja kanisani kwetu Port Victoria kwaya ilimaliza, watu wakakaa, wewe ukaendelea peke yako, macho umefumba, ubeti mzima. Vijana walicheka. Ulipofumbua macho ukacheka pia, ukajifunika mdomo kwa leso. Lakini kuanzia hapo ulikaa benchi la nyuma, na kila ulipoimba ulitazama midomo ya Mama Akumu, rafiki yako, ujue wenzako wamefika wapi. Niliiona hiyo nilipokuja nyumbani.

Halafu siku ile ulipokuja dukani kwangu Nyamasaria. Ulikuwa umemaliza kuuza omena, dagaa wetu wa ziwani, mjini, miguu imevimba, jua limekuchosha. Mimi na Wafula, mwenzangu wa kazi, tulikuwa tumetoka kufunga muziki kwenye gari la mteja. Kulikuwa na subwufa mbili nyuma ya kiti, zile spika kubwa za kutoa besi, na kila moja ilikuwa na amplifaya yake ya kuisukuma. Amplifaya zenyewe zilikuwa mapacha, chapa moja, nguvu moja. Wewe uliingia kiti cha nyuma kupumzisha miguu tu. Wafula, kwa heshima, akatafuta wimbo wa kanisa kwa simu yake, akauweka.

Nilikuwa nimeinama nikikusanya waya. Nikasikia ukiimba. Nikainua kichwa. Mkono wako ulikuwa umelala juu ya kiti, na ulikuwa ukiimba pamoja na wimbo, si mbele yake wala nyuma yake. Wimbo uliponyamaza, nawe ukanyamaza. Wafula alinitazama. Ulituambia, "Hii inanifikia mpaka kwa mifupa, Nabwire. Nimejua pahali imeisha."

Nilienda nyuma ya duka nikajifanya natafuta bisibisi.

Ulipokuwa ukiondoka ulinishika mkono. "Nyathina, mwanangu, niwekee hii kwa gari ya baba yako." Ulikuwa hujawahi kuniomba kitu cha kazi yangu. Miaka yote uliwaambia watu wa kwetu kwamba niko Kisumu nauza vitu vya stima, yaani vya umeme, kwa sababu hukujua utasemaje kwamba msichana wako anaingia chini ya viti vya magari kufunga makelele. Na sasa ulikuwa unayataka hayo makelele. Nilifurahi hadi nikakuahidi zaidi ya ulichoomba. Nilisema nitakuwekea nzuri kuliko ya huyo mteja.

Hapo ndipo nilipoharibu, na wala sikujua naharibu. Nilidhani nakuheshimu.

Subwufa mbili nilikuwa nazo tayari. Amplifaya pia nilikuwa nazo mbili, ila hazikufanana. Moja ilikuwa kubwa, mpya, yenye nguvu za kuamsha mtaa. Nyingine ilikuwa ndogo na ya zamani, tuliitoa kwenye gari lililouzwa vipande vipande. Ukizifunga pamoja bila kuangalia, subwufa moja hupiga kelele na nyingine hunung'unika. Ukiilazimisha ndogo ilingane na kubwa, inachemka na kujizima, au inaunguza spika. Dawa yake fundi yeyote anaijua: unaishusha ile kubwa mpaka ilingane na ndogo, unaridhika na hapo. Utapata besi ya wastani. Watu wa mashindano ya muziki wa magari wataicheka.

Wafula aliniambia wiki hiyohiyo, "Si uweke hizi tu? Mama haendi mashindano. Anataka kujua wimbo umeisha." Nikamjibu kwamba siwezi kumfungia mama yangu takataka. Nilitaka pacha wa ile kubwa. Nilimwagiza kwa mtu wa Nairobi, akasema atapatikana. Kila uliposhuka mjini na magunia yako uliniuliza, "Bado?" Nami nikasema bado, natafuta pacha wake. Mara ya mwisho ulicheka. Ukasema, "Mimi na baba yako hatufanani hata kidogo, na tumebeba hizi omena pamoja mpaka tumezeeka." Nilicheka nawe. Nilidhani ni mzaha. Sasa naona ulikuwa unaniomba kwa upole nimalize.

Kisha ukaanguka sokoni. Baba alikuleta Kisumu kwa pikapu hiyohiyo, umelala kiti cha nyuma, kichwa kwa mapaja ya Mama Akumu. Hospitalini ulinishika kidole, si mkono, kidole kimoja, lakini maneno yalikuwa yamekataa kutoka. Nikakusemesha karibu na sikio nikijua hunisikii. Siwezi kuandika zaidi kuhusu chumba kile.

Familia ilipokaa kupanga safari ya kukurudisha nyumbani, nilisema muziki ni wangu. Nilisema wimbo wako utatangulia njia nzima kutoka mochari mpaka langoni. Baba Mdogo, unamjua anavyopenda kupanga watu, aliuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Na kwenye pikapu ya Baba nilizifunga amplifaya zilezile mbili nilizoziita takataka. Nilizifunga kwa haraka, machozi yakinizuia kuona, boksi moja la mbao bila kugawa katikati. Na kwa sababu nilitaka usikike, badala ya kuishusha kubwa niliipandisha ndogo. Wafula alisimama mlangoni akaniuliza mara moja tu kama niko sawa. Nikamwambia aniache.

Tulitoka mjini vizuri, Mama. Pikapu mbele, Baba anaendesha, mimi kando yake, Baba Mdogo kiti cha nyuma, wewe ukifuata, na basi la kanisa nyuma yako. Watu walisimama kando ya barabara wakavua kofia. Wimbo ulitoka mzito mpaka kioo cha mbele kikatetemeka. Nikafikiria, sasa wanajua huyu mama alizaa nani. Ndiyo, nilifikiria hivyo, kwenye safari yako.

Tulipokaribia soko la Otonglo subwufa ya kulia ilianza kukwaruza. Halafu ikanyamaza, na ile nyingine, kwa kuwa zilikuwa ndani ya boksi moja, ikawa inaisukuma mwenzake iliyokufa, ikigonga kama mtu anayepiga debe. Wimbo wako ukageuka kitu cha aibu. Wanawake wa nyanya walituangalia. Baba Mdogo akasema kutoka nyuma, "Zima hiyo kitu. Watu wanatuona." Nikazima.

Baba alisimamisha gari. Nilishuka na gauni langu jeusi, nikafungua mlango wa nyuma, nikainamia pale miguuni pa Baba Mdogo. Ile amplifaya ndogo ilikuwa ya moto huwezi kushika, taa yake nyekundu imewaka. Nilianza kufungua skrubu kwa ncha ya ufunguo. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Mikono ndiyo ilikataa. Nyuma yetu gari la mochari lilikuwa limesimama nawe ndani, na basi limesimama, na waendesha boda wanapiga honi kutuzunguka, na mimi nimeinama kwenye boksi nikilia kama mtoto.

Baba alishuka akaja kando yangu. Hakupandisha sauti. "Nabwire, twende. Mama yako asicheleweshwe na waya."

Tukaenda. Wanawake wa basi walifungua madirisha wakaimba wenyewe, na waliimba vizuri, na kila mtu alisema baadaye kwamba ilikuwa bora hivyo. Labda ilikuwa bora. Lakini ulichoniomba hakikuwa hicho. Hukuniomba sauti nyembamba za Mama Akumu na wenzake, zile ambazo masikio yako yalikuwa yameshazipoteza.

Baada ya maziko wageni walipungua, mimi nikabaki. Wafula alikuja kutoka Kisumu na kipande cha plaiwudi amekifunga nyuma ya pikipiki. Hakunilaumu. Alisema tu, "Tumalize." Tukalitoa boksi uani, tukaligawa katikati, kila subwufa ikapata chumba chake. Ile ndogo haikuwa imeharibika. Ilikuwa imejizima kujiokoa. Tukaiacha ingurume pale inapoweza bila kulia, kisha nikaishusha kubwa, kidogo kidogo, mkono mmoja juu ya spika hii na mwingine juu ya ile, mpaka nikahisi zinapumua sawa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Nikaweka wimbo wako.

Mama, ingetosha. Haikuwa besi ya kuamsha mtaa. Ilikuwa besi ya wastani, safi, na nilipokaa kiti cha nyuma ilinipanda kutoka kwenye kiti mpaka kifuani, na nilijua wimbo unaanzia wapi na unaishia wapi hata nikiziba masikio. Niliyaziba, kwa vidole, kukujaribia. Ingetosha tangu wiki ile ya kwanza. Ungekaa hapo nyuma safari zote za kupeleka omena mjini, ukiimba na kunyamaza pamoja na wengine. Yule pacha niliyekuwa namngoja, wewe hukumhitaji.

Baba alitoka ndani na kikombe cha chai, akasimama mpaka wimbo ukaisha. Akauliza, "Ndiyo hii alikuwa anataka?" Nikasema ndiyo. Akamwambia Wafula azime. Nilianza kufungua waya nikidhani ananitaka niitoe. Akasema, "Usitoe." Akarudi ndani.

Yaliyobadilika tangu uondoke si mengi kwa macho. Mama Akumu amechukua pahali pako sokoni, na akipima omena anaongeza ile konzi ya mwisho kama wewe, halafu anageuka kuangalia pembeni. Baba anapika ugali wake mwenyewe, mgumu, na hataki msaada. Benchi la nyuma kanisani sasa linakaliwa na wale vijana waliokucheka, na siku hizi ndio wanaobeba viti. Yule pacha naye alipatikana. Mtu wa Nairobi alimtuma, akafika dukani ndani ya karatasi zake. Sikumfungua. Nilimuuzia mteja wa kwanza aliyeuliza, na Wafula akanifungia mzigo kwa sababu sikutaka kuushika.

Kazini bado wananijia wenye amplifaya mbili zisizofanana, wakiona haya. Zamani niliwafukuza wakatafute zinazofanana. Sasa nawaambia waegeshe. Wengine wanaridhika, wengine wanakwenda kwa fundi mwingine. Sielezi sababu.

Nikikuota, Mama, unaniuliza, "Bado?" Uko umesimama na gunia, huna hasira. Ingekuwa rahisi kama ungekuwa na hasira. Naamka nikiwa na jibu mdomoni na hakuna wa kumpa. Nisamehe kwa kukungojesha. Nilitaka kitu kizuri kwa ajili yako, na nusu yake ilikuwa kwa ajili yangu.

Jana Baba alipiga simu. Unajua hapigi. Alizunguka kwanza, akauliza mvua, akauliza Wafula, halafu akasema njia ya kwenda chooni ina giza na juzi alijikwaa. Aliuliza kama naweza kumwekea taa, siku nikipata nafasi. Nilikuwa tayari kumwambia angoje, kuna sola nzuri inaletwa mwisho wa mwezi, yenye kioo kikubwa na dhamana. Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Nikayameza. Hapa dukani nina taa ya mbele ya gari iliyopasuka ukingo na betri kuukuu ambayo bado inashika chaji kiasi. Nikamwambia Jumamosi.

Kwa hiyo Jumamosi nitapita Otonglo nikija kwenu, na taa hiyo kwenye begi. Nitaipigilia kwenye nguzo, nitampa Baba mkono tutembee mpaka chooni na kurudi tuone kama inamulika vya kutosha. Nitakuja kwako pia, nikae kidogo. Pumzika, Mama. Baba sitamngojesha, nakuahidi.

Binti yako,
Nabwire