Pikipiki Isiyokuwa na Kabureta

Biryogo, Kigali
14 Novemba 1993

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Mimi na Bibi tu wazima, ila magoti yake bado yanamsumbua. Na wewe huko Mwanza, kifua kimepoa?

Ulipotoka gerezani ukavuka mpaka, majirani walisema mwanamke hatamaliza hata mwezi na gereji. Huu mwaka wa tatu, na hao hao ndio wanaoniletea vyombo vyao. Lakini sasa nimepatikana. Karani mmoja wa Kiyovu, anaitwa Silvère, aliniita kwake akanikabidhi pikipiki ya Ulaya inayotoa moshi mweusi na kunywa petroli bila haya. Nimefungua nisafishe jeti, vile vitundu vya petroli. Baba, haina kabureta! Pana mabomba, nyaya, na chini ya kiti kisanduku kisichofunguka. Nikigeuza ufunguo, kabla sijawasha, kitu ndani ya tangi kinavuma kidogo, kisha kinanyamaza. Bibi husikia akiwa chumbani, huitikia, "Karibu, mgeni." Nimemwambia ni pikipiki. Anasema yeye anajua sauti ya mtu.

Silvère aliahidi kuifuata Jumatatu. Jumatatu tatu zimepita.

Binti yako,
Kaliza


Mwanza
2 Desemba 1993

Binti yangu Kaliza,

Waaleikum salaam. Kifua kimepoa, alhamdulillahi. Msalimie mama yangu, umkande magoti kwa maji ya chumvi.

Hapa gereji tumepata Mrundi aliyekimbia mauaji ya Oktoba huko kwao, Libère, aliyesomea injini Ubelgiji. Nilimsomea barua yako, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema kabureta hunyonywa: hewa ikipita, petroli inafuata. Hiyo yako inapigwa sindano. Pampu imo ndani ya tangi. Ndiyo hiyo inayovuma. Inasukuma petroli kwa nguvu hadi kwenye pua ndogo karibu na vali, na pua hizo hufunguka na kujifunga kwa umeme, kufumba na kufumbua. Kisanduku ndicho kinachoamua zikae wazi muda gani. Chenyewe hakioni wala hakisikii. Kinaambiwa na vihisi: hewa inaingia kiasi gani, injini inazunguka upesi gani, ina joto gani. Na kinaamini kila kinachoambiwa. Waya wa kihisi cha joto ukikatika, kinadhani injini iko kwenye barafu, kinazidi kuimwagia petroli hata ikichemka. Fuata waya huo.

Sheria yetu unaijua: chombo cha mteja hakitoki mpaka mwenyewe aje.

Baba yako


Biryogo, Kigali
16 Januari 1994

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, hatujambo. Mwambie huyo Mrundi anayenicheka kwamba waya niliupata siku hiyo hiyo barua ilipofika, umetafunwa na panya. Sasa inawaka kwa mguso mmoja, moshi hakuna.

Nikaenda Kiyovu kumwarifu Silvère. Mlinzi wa geti ni yule yule aliyenifungulia siku nilipoichukua pikipiki. Akaniambia, "Silvère gani? Hapa iko hakuna mutu ya jina hiyo. Hapajakuwaga." Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, lilining'inia koti la Silvère, lenye kiraka cha kijani, alilovaa siku ile, limefuliwa. Niliondoka bila kuaga.

Na jambo jingine. Wiki iliyopita vijana walipita mtaani na daftari, wakiuliza majina na kabila nyumba kwa nyumba. Walipofika kwetu hawakuuliza kitu. Waliandika tu, wakaendelea. Naogopa, Baba, na Bibi hataki kusikia habari ya safari.

Binti yako,
Kaliza


Mwanza
3 Februari 1994

Kaliza mwanangu,

Waaleikum salaam. Afya yangu usiulize, silali.

Sheria ile niliitunga mimi na leo naivunja mimi. Ichukue pikipiki. Mfunge mama yangu mgongoni kwako kwa kitenge, pitia Kabuga, mnyooshe hadi daraja la mpakani, Rusumo. Silvère akitokea, nitampigia magoti mwenyewe.

Mpaka Bibi akubali, fanya tulivyozoea kwa vyombo vya thamani: toa petroli yote, itie kwenye dumu, ifukie. Mwenye nia mbaya akikuta tangi kavu ataondoka.

Baba yako


Biryogo, Kigali
25 Machi 1994

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum, na Idd iliyopita ikufikie na heri. Bibi amekubali! Wale vijana walipita tena, mmoja akamsalimia kwa jina la utotoni ambalo hata mimi sikulijua. Anasema waliolijua wote wamekwisha kufa. Tangu hapo amekunja mkeka wake. Anangoja tu arobaini ya shoga yake, Mama Mahoro, kwani hawezi kumwacha bila dua. Tutaondoka Jumapili, tarehe 10 Aprili.

Petroli nimeitoa kama ulivyosema. Kila mchana nageuza ufunguo nisikie kama pikipiki bado iko hai. Ni upuuzi, lakini sauti ile inanipa moyo, basi nageuza hata mara kumi. Wiki hii imebadilika. Haivumi, inalia, nyembamba. Bibi haikaribishi tena. Jana alisema, "Huyo mwambie aende zake."

Binti yako,
Kaliza


Mwanza
5 Aprili 1994

Kaliza,

Salamu baadaye. Usiuguse tena ufunguo! Nimemsomea Libère barua yako, na safari hii hakucheka. Pampu ile huishi ndani ya petroli. Petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Ikizunguka kavu inajila yenyewe. Na ikifa, injini haitawaka hata isukumwe na watu kumi. Sikuijua mashine hiyo, nikakupa desturi ya kabureta.

Rudisha petroli kwenye tangi leo. Ikiendelea kulia, iacheni. Njooni kwa basi, kwa lori, kwa chochote, wala msingoje arobaini. Mama Mahoro atatusamehe. Nampa barua hii dereva anayepakia sasa hivi.

Baba yako


Rusumo, upande wa Tanzania
24 Aprili 1994

Kaliza mwanangu,

Asalaam aleikum. Barua hii sijui nampa nani. Ile ya tarehe 5 dereva amenirudishia ikiwa imefungwa. Alifika darajani tarehe 7 akazuiwa, kwani Kigali mauaji yalikuwa yameanza.

Niko hapa siku ya tisa. Namtazama usoni kila anayevuka. Mto siutazami. Nimeuliza habari za bibi kizee aliyefungwa kitenge mgongoni mwa msichana juu ya pikipiki, na watu wananijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa. Libère alinisindikiza hadi hapa. Anasema zipo pampu zinazopona.

Tangu utotoni nilikufundisha kutii, nikakusifia kwa hilo mbele za watu. Laiti ungenibishia mara hiyo moja.

Baba yako